Riwaya Niliyomsimulia Wifi

Shoga, naandika haraka. Vumilia makosa ya kuandika.

Zile riwaya mbili ulizoniazima nimezimaliza. Ya mpelelezi ni tamu, ilininyima usingizi. Ile ya mke anayepigwa miaka na miaka ilinichosha, nikaona mwandishi anatudanganya.

Sasa leo wifi yangu, mke wa kaka, alikuja kunisaidia kupiga pasi. Nikawa namsimulia hiyo ya mke anayepigwa ili kazi iende. Nikamwambia, "Hapo nilicheka. Eti majirani ukuta kwa ukuta na hawajasikia kitu? Mtu apigwe hivyo asipige kelele?"

Wifi hakucheka. Aliendelea kunyoosha kola ya shati, akasema taratibu, "Ukiuma taulo hawasikii."

Nikadhani anachangia hadithi. Nikamwambia mambo ya taulo hayamo kitabuni.

Akaiweka pasi pembeni, akapandisha mkono wa gauni. Shoga, mkono wote umevilia damu, kuanzia begani.

Kaka yangu. Huyu huyu anayemlisha mama uji kwa kijiko. Kaka yangu mimi.

Wifi akaniuliza, "Yule mke, mwisho aliondoka?"

Nikamwambia ukweli. Alikufa.

Akashusha mkono wa gauni. "Basi mimi leo sirudi."

Nimemlaza chumbani kwangu, kajifunika mpaka kichwani.

Ngoja, mtu anabisha hodi.

Ni kaka. Ananiita kwa jina langu la utotoni, kwa ule upole wake wa siku zote. Sifungui.

Njoo, shoga. Njoo na mumeo.