Mafua ya Mheshimiwa

Jumanne

Kumbe mafua ya mheshimiwa ni dharura ya taifa. Miaka yote hii napokea wagonjwa pale kliniki, na hakuna aliyenifundisha.

Kaingia asubuhi, suti imenyooka, kamasi zinamtoka kama za sisi wengine. Nikamwamkia, nikamwonyesha kiti.

"Wewe binti, unanijua mimi ni nani?"

Sikumjua. Nikamwambia foleni itamfikia.

Kando yake alikaa bibi aliyeteremshwa na binti yake kutoka Mgeta. Nilipompa shikamoo, alishindwa kumalizia "marahaba". Pumzi ilikatika, midomo imebadilika rangi. Nikaacha simu ikilia, tukamshika mimi na binti yake hadi kwa daktari, bila hata hodi.

Mheshimiwa akapaza sauti kliniki nzima ikasikia. "Nitahakikisha hufanyi kazi hapa!" Sauti hiyo, jamani, na eti kifua kimembana.

Bibi aliwekewa oksijeni, kisha gari la wagonjwa likampeleka hospitali kubwa. Mheshimiwa alipewa vidonge na kuambiwa anywe maji ya moto. Halafu daktari akanisihi nimwombe radhi. Nikaomba, nikitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Sasa naogopa kweli. Anafahamiana na mwenye kliniki, na kazi mji huu hazidondoki kama mvua ya Uluguru. Nikifukuzwa, sijui nitamwambia nini mama.

Jioni yule binti amepiga simu. Bibi anapumua vizuri, na ameukataa uji, eti hauna sukari.

Nimecheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka.