Nilivyoifunga Geji ya Oili

Baba,

Mama amenikuta hapa mezani akauliza namwandikia nani. Nilipomwambia ni wewe, alinisogezea chai.

Lori lipo. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kahawa. Tangu tukuzike kijijini Mapera naliendesha mimi, ila kwa hofu. Wewe ulikuwa unaisikia injini. Katikati ya mlima ulikuwa unanyamazisha kabini nzima, unainamisha kichwa, unasema, "Inataka oili," na kweli inataka. Mimi nasikia kelele tu. Na taa ya oili kwenye dashibodi, unajua mwenyewe, ilishakufa zamani. Ndiyo maana nilinunua geji ya presha ya oili, kile kipimo cha mshale, pale Songea.

Baba mdogo Osmundi hakuipenda. Tangu matanga anataka lori liuzwe, kabla injini haijafia mikononi mwangu. Alisema geji ni kujitafutia wasiwasi. Basi nikaifunga peke yangu uani. Nilifungua swichi ya zamani ya ile taa ubavuni mwa injini, nikaweka tii ya shaba, kiungo cha njia tatu: upande mmoja swichi ileile, upande mwingine mpira mwembamba wa kupeleka oili hadi kwenye geji ndani ya kabini. Nilikaza kwa hasira, Baba. Mkono unazungusha spana, kichwa kinabishana na baba mdogo.

Alhamisi tulishusha mahindi Mbamba Bay, tukapakia magunia ya usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani. Baba mdogo alikaa pembeni yangu. Tulipoanza kupanda kurudi Mbinga, nikiwa gia ya pili, mshale wa geji ulitetemeka. Ukashuka. Nilikanyaga mafuta, haukupanda. Ukaenda hadi sifuri, kama vile oili imekwisha, ukalala pale.

Baba mdogo akasema niendelee, geji yenyewe ya bei rahisi, inadanganya, na nikisimama kwenye mwinuko ule na hendibreki tunayoijua, tutarudi nyuma na mzigo wote. Nilitega sikio kama wewe. Sikusikia chochote. Upande wa kushoto ni korongo.

Nikazima injini.

Lori lilirudi nyuma kidogo, kama hatua mbili, breki ikashika. Baba mdogo aliruka akaweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma. Nilishikilia pedali mpaka akamaliza.

Nilipoingia chini niliona oili inadondoka barabarani. Dipstiki, ile fimbo ya kupimia oili, ilitoka kavu. Nikapapasa kutafuta inakovuja, nikaomba iwe filta, iwe kitu chochote kilichochakaa chenyewe. Ilikuwa tii yangu. Ilikuwa na ufa pale nilipoikaza kupita kiasi.

Ningeweza kusema ni filta, Baba. Baba mdogo hajui injini. Nilikaa palepale chini ya lori nikiwa na uongo mdomoni, tayari kabisa.

"Baba mdogo, ni mimi," nikamwambia. "Nilikaza vibaya, ikapasuka."

Akavua koti, akatambaa akaja kulala pembeni yangu kwenye lami.

"Ungenificha," akasema, "ningeliuza lori hili kesho."

Alinishikia spana. Nikatoa tii, nikarudisha swichi mahali pake, tukamimina oili yote ya kwenye dumu la akiba. Injini iliwaka vizuri, haikuwa imeumia. Tulipanda polepole hadi nyumbani. Jumamosi nilifunga tii mpya, yeye akiwa amesimama ananitazama. Habari ya kuuza hajaitaja tena.

Pale hospitali sikukuaga, nilidhani utarudi. Naomba nikuage leo. Pumzika, Baba. Mama yuko nami, halali njaa. Na siku nitakapoharibu kitu, nakuahidi, nitasema injini ikiwa bado ya moto.

Mwanao,
Skolastika