Dele la Baba Yako Liko kwa Mtani

Mlabani,
Ifakara,
Wilaya ya Ulanga.
18 Agosti, 1957.

Mpendwa mwanangu Ponsiano,

"Mkahawa ni shule ya uvivu. Watu huingia asubuhi na maneno, hutoka mchana na maneno, na huku nyuma mpunga umeliwa na ndege." Ndivyo ulivyoniandikia, nami nimeyanakili maneno yako hapa juu kabisa ili usije ukasema baba mdogo amekusingizia. Nitayajibu. Lakini kwanza tusalimiane, maana huku nyumbani hatujafika mahali pa kugombana kabla ya kujuliana hali.

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Hujambo wewe? Yosefina na watoto hawajambo? Na mdogo wako Viktor, kifua chake kimetulia huko Tanga, au bado kinamsumbua usiku?

Sisi ni wazima wa mwili. Mama yako Emerensiana anakula, analala, anakwenda misa ya asubuhi na kurudi. Mimi sina homa. Ukiniuliza moyo u hali gani, sina la kuandika. Ni kama mguu ulioingia ganzi: najua upo kwa kuutazama tu.

Mpunga wa Namawala umetoka vizuri pale ambapo maji hayakukaa. Upande wa mtoni, maji yalichukua yalichotaka. Mama yako amepata wa kula mpaka masika. Na ndege, kwa kuwa umewataja, hawakula kuzidi miaka mingine.

Sasa maneno yako. Unanijua, mimi ni mtu wa kubishana. Nimebishana na mapadri, na makarani wa boma, na wahariri wa magazeti; wengine wamenijibu, wengine wamenyamaza. Zamani ningekujibu kurasa kumi na ningefurahi. Safari hii nakujibu kwa mazoea, kama mkono unavyojua kumenya muhogo hata mwenye mkono akiwaza mengine.

Unasema uvivu. Nani waliokaa mkahawani kwa baba yako? Alfajiri walikunywa wanaokwenda kuamia hao ndege wako, wakiwa wamesimama, jembe begani. Jua likipanda walikuja wavuvi waliokwisha kuuza samaki sokoni. Sisi wenye maneno tulikuja jioni, kazi zikiwa zimekwisha. Kama huo ni uvivu, basi wewe unayekaa kitini ofisini kutwa nzima tukuite nani?

Wewe ulizaliwa hapa ukadhani mji huu ulikuwapo siku zote. Haukuwapo. Sisi Wapogoro tulishuka kutoka milima ya Mahenge tukifuata mpunga. Wandamba tuliwakuta mtoni. Wangindo walikuja kwa miguu na misala yao, Wabena na Wahehe kwa njia zao. Kila watu walijenga upande wao. Kanisani tulikaa na wetu, msikitini walikaa na wao, na kwenye pombe kila kabila lilikuwa na mama pombe wake. Ni kwenye mabenchi ya baba yako Theodori tu ambapo Mndamba na Mpogoro na Mngindo walikaa bega kwa bega bila kuwa na msiba wala kesi. Mwezi wa Ramadhani baba yako alifunga duka mchana akafungua magharibi. Kwaresima ikifika, Mngindo Mfaume ndiye aliyetukagua: "We Fulgensi, hicho kipande cha pili cha kashata Yesu amekiona."

Mwaka ule mto ulipobeba nyumba ya Donati, yule mvuvi, alikuja mjini hana ndugu hata mmoja. Alilala kwenye mabenchi yale. Hakuna aliyeitisha mkutano. Mmoja alisema ana miti, mwingine ana nyasi, wakamaliza vikombe vyao wakaenda kumjengea. Leo ana mke na watoto hapa Mlabani, na kabila lake sasa anajua mwenyewe. Halafu kumbuka kwamba siku hizi ukitaka kukusanya watu waseme habari za nchi yao ni lazima uombe kibali kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma. Kunywa kahawa bado hakuombewi kibali. Mtu aliyesoma kama wewe hakupaswa kuelezwa hilo.

Basi, hayo ya ubishi yametosha. Sasa nikueleze lililotokea, maana naona hukulielewa, na kosa si lako lote. Umekaa mbali tangu ujana.

Baba yako alipofariki mwezi wa Mei maji yalikuwa yamekata barabara. Simu ya maandishi niliyokupelekea ilikufikia akiwa tayari ardhini. Kwa hilo sikulaumu, wala mama yako hakulaumu.

Wangindo ni watani wetu. Unajua hilo kwa kusikia, lakini hujaliona likifanya kazi msibani. Mfaume na wenzake ndio waliochimba kaburi, kwa sababu mwenye kufiwa hachimbi. Tulipofika na jeneza tulimkuta Mfaume amelala ndani ya kaburi, mikono kifuani.

"Hapa pananitosha," akasema. "Mtafutieni Mpogoro wenu shimo la panya."

Shangazi yako Stefania akamwinamia. "Toka humo, Mngindo wee! Utamwachia kaka yangu chawa!"

"Chawa wangu wamesilimu, Stefania. Hawamli mkristo."

Watu walicheka. Mama yako alicheka huku kaniki yake ya msiba ameiuma kwa meno. Padri alikuwa mgeni, akatazama pembeni. Mimi nilitazama tope kwenye miguu ya Mfaume. Sikucheka, na sikulia pia. Nilingoja kitu kije, hakikuja. Mpaka leo hakijaja.

Tuliporudi nyumbani Mfaume alivaa koti la baba yako, akaketi mahali pake nyuma ya jiko la mkaa, akakohoa kile kikohozi cha marehemu cha kutafuta maneno. Kisha akamkazia macho Wendelin, jirani yetu. "We Wendelin! Kikombe umekishika tangu asubuhi. Unakinywea au unakibatiza?"

Ilikuwa sauti ile ile. Wendelin alianza kujitetea, "Hapana, Theo, nilikuwa..." akakiweka kikombe chini. Hapo ndipo mama yako alipolia kwa mara ya kwanza.

Baadaye Mfaume alisimama, akalitwaa dele, lile birika la shaba la kahawa ambalo baba yako alirudi nalo kutoka Kilwa akiwa kijana, akalibana kwapani. "Hili naondoka nalo," akasema. "Mrithi akija, alikomboe kwangu. Asipokuja, nitalipikia uji wa wajukuu."

Ndiyo desturi. Mtani hushika kitu cha marehemu, na mrithi hukikomboa. Namna ya kukomboa ni hii: mrithi anakaa kwenye benchi mbele za watu. Mtani anamtukana yeye, na marehemu, na babu, na pua walizorithiana. Mrithi anajibu matusi kadiri ya kipaji chake. Wakichoka, mrithi anatoa kuku, watu wanakunywa kahawa, na dele linarudi jikoni. Siku hiyo mama yako anavua kaniki. Bila hivyo msiba haujaisha. Hafukuzwi popote, hakatazwi kula, ila hawezi kusema kwamba umeisha, na watu wanampa pole sokoni kana kwamba mume wake amekufa juzi.

Tangu Mei kahawa inapikwa kwa sufuria. Wendelin huwasha jiko asubuhi kwa kujitolea. Inanyweka. Lakini hakuna anayekubali kukaa mahali pa baba yako, na jiko lisilo na mtu nyuma yake halizuii mtu asiondoke. Wavuvi wamepungua. Wabena wameanza kunywea kwao. Gazeti nilikuwa nalisoma kwa sauti kila likifika. Sasa nalisoma kimoyomoyo na hakuna anayeniuliza limesema nini. Naliona jambo hili likitokea mbele yangu, siku baada ya siku, na sinyanyui mkono.

Kisha mwezi uliopita basi likaleta kifurushi chako. Birika jipya la bati linalong'aa, vikombe dazeni mbili vyenye maua, na neno lako kwamba Mfaume apewe birika hilo arudishe la baba. Na kama hataki, nyumba ya mkahawa apewe yule tajiri wa mpunga anayeitaka, aifanye ghala, kwa kuwa mkahawa ni shule ya uvivu.

Nilimpa Mfaume birika mbele ya watu, kwa kuwa ulisema apewe. Aliligeuzageuza.

"Zuri," akasema. "Mtu anaweza kunyolea ndevu humu." Watu wakaanza kuchangamka. "Wapogoro mmeendelea! Zamani mlikuwa mnalia kwa macho, sasa mnalia kwa basi."

Walicheka, na Donati akasema, "Mngindo, ongeza!" Wote tulikuwa tunangoja aongeze. Hakuongeza. Alilirudisha birika kwenye karatasi yake, akalisukuma kwangu.

"Fulgensi," akasema, "mimi nimemtukana Theodori tangu tulipokuwa hatuna ndevu, naye kanitukana. Siku nikifa mimi, nani atalala kaburini mwangu? Birika hili?"

Sijawahi kumsikia mtu huyo akisema na mimi bila utani. Aliacha kahawa yake imebaki nusu, akaenda zake. Kwa wiki mbili hakuonekana. Sasa anakuja, anasalimia kama mtu anayesalimia ofisini, anakunywa, anaondoka. Hajamtukana mtu yeyote. Nilipaswa kukasirika kwa niaba yake, au kwa niaba yako. Nilifunga kifurushi kwa kamba nikakiweka juu ya kabati.

Na hivyo vikombe, mwanangu. Baba yako alikuwa na vikombe vichache, wateja wakawa wengi. Mimi mwenyewe nilimshauri aongeze. Nilimwambia hiyo ni biashara ya kijinga. Akanijibu, "Nikiwa na vikombe vya kutosha, kila mtu atakunywa na kwenda zake." Alitaka ungoje kikombe cha mwenzako. Ukingoja, utamwuliza habari ya mguu wake. Atakujibu. Atakinywa taratibu kwa kusudi la kukuudhi, na wewe utamtania, na kesho mnajuana. Mkahawa wote ulikuwa hapo, katika kungoja. Wewe umetuma dazeni mbili ili watu wasingoje.

Sikulaumu kwa ubahili, maana vitu vile ni vizuri na najua vilitoka kwenye mshahara wako. Nakulaumu kwa kudhani kwamba tulichopungukiwa ni vyombo. Ungekuwa mtu wa mkahawa hata jioni chache, usingekosea hivyo. Hilo ndilo jibu langu kwa shule yako ya uvivu: kuna somo hapa ambalo huko ulikosoma hawakukufundisha, na kutolijua kumekufanya uonekane mjinga mbele ya mji mzima.

Yule tajiri amekuja kupima ukuta kwa kamba. Alipima na benchi, nadhani anataka mbao. Mwaka jana ningemtoa kwa maneno ambayo yangesimuliwa mpaka Sanje. Safari hii nilimshikia ncha ya kamba. Aliponiomba niishike, niliishika. Atarudi mwisho wa Septemba kuchukua jibu, na jibu halali ni lako, kwa kuwa wewe ndiye mrithi. Mimi sitampa, wala sina nguvu ya kumnyima.

Kwa hiyo nasema na wewe Ponsiano, na wewe Viktor unayesomewa barua hii. Barabara ni kavu mpaka Novemba. Mabasi yanapita. Ombeni likizo, mje kabla ya mwisho wa Septemba, wote wawili. Msitume mtu, msitume kitu. Mtakaa kwenye benchi la baba yenu, Mfaume atawatukana mpaka achoke, nanyi mtamjibu. Mtamwona mama yenu akivua kaniki. Mkimaliza hayo, kama bado mnasema ni shule ya uvivu, mtasimama na kuyasema hayo mbele ya Donati na Wendelin na Mfaume, kwa mdomo, nao wakiwatazama. Hapo mkimpa tajiri nyumba yenu sitapinga. Ila kwa stempu, hapana.

Shangazi yenu Stefania anawasalimu sana, anasema Yosefina asisahau kuwafundisha watoto Kipogoro. Wendelin anawasalimu. Donati anasema mkija mtakula kambale mpaka mkimbie. Mama yenu nimemwuliza kama ana neno. Amesema niwaulize huko mnapikiwa nini. Mfaume nilimwambia naandika barua. Hakusema kitu, na mimi nimekwisha kuzoea watu wasiosema kitu, ila hilo la kwake siwezi kulizoea.

Mungu awalinde njiani na kazini, awape watoto afya, awape na wakubwa wenu moyo wa kuwaruhusu.

Njooni mtukanwe.

Ni mimi baba yenu mdogo, niwapendaye hata siku ambazo sihisi,

Fulgensi