Usimwendeshe Mtu wa Mwenzio

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo, Dar es Salaam.
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mdogo wangu Mboni,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini mkubwa ni mimi, naichukua haki yangu mapema kabla hujafika mwisho wa barua hii. Goti linaendeleaje? Yale mafuta niliyokutumia huko Pangani unajipaka, au umeyaweka kabatini kama vikombe vya wageni? Sisi hatujambo. Mimi meno ndiyo yananikimbia, mdomo bado mzima.

Usishangae mwandiko. Ni mkono wangu mwenyewe, herufi zangu zile zile za kisomo cha watu wazima, kubwa kama mihogo. Simu ipo, na mjukuu wangu Waridi angeniandikia, lakini jambo hili sitaki alijue yeye kabla yako.

Waridi hajambo. Bado anauza viatu vya mitumba Mchikichini, na mteja akishaondoka tu, anainamia simu. Nilidhani mwanamume. Nikamwambia kama ni mwanamume amlete nimwone na miguu yake. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe anaandika hadithi na watu asiowajua. Mchezo huo una jina lake la Kizungu, mimi nauita hadithi ya zamu: wewe unashika mtu mmoja, mwenzio anashika mwingine, unaandika kipande chako unamwachia, naye anajibu. Hakuna anayejua mwisho wake.

Kazi ni kumpata mwenza. Mboni, mimi nimeozesha watoto na wajukuu, sijaona uchaguzi mgumu kama ule. Waridi alitangaza kwenye kundi lao kwamba anataka mtu wa hadithi za zamani, asiye na pupa, anayejibu kipande kizima. Wakaja. Wa kwanza alijibu maneno mawili mawili kama mwenye jino bovu. Wa pili, hata salamu hazijaisha, anataka watu wao wavue nguo. Huyo nilimjibu mimi kwa sauti, simu ikaandika yote niliyosema, na hakurudi tena. Wa tatu alikuwa fundi wa maneno, ila Waridi alikwenda kuoga, kurudi akakuta mtu wake ameshaolewa na ameshazaa. Alilia machozi ya kweli. Akanieleza kwamba mchezo wao una sheria moja kubwa kuliko zote: usimwendeshe mtu wa mwenzio. Sema la mtu wako, fanya la mtu wako, kisha nyamaza ungoje. Mtu wake akubali, akatae, akimbie, hilo si lako.

Nikamwambia sheria nzuri hiyo. Nikaenda jikoni kukoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva.

Mwisho akampata Scholastika, mwalimu wa chekechea huko Songea. Hawajaonana hata siku moja. Mwanamke yule anawashika wanaume vizuri kuliko wanaume wenyewe wanavyojishika. Wakaelewana tangu siku ya kwanza: huyu akiandika mvua, yule anatafuta pa kujikinga. Wakapanga hadithi ya Kariakoo ya zamani, msichana wa Kiswahili na kijana wa Kihindi wa duka la vitambaa. Waridi zamani haijui, akaja kuniuliza wasichana walivaa nini, walionana vipi. Nami mjinga nikaanza kusema. Mdomo wangu unaujua. Nikamwambia msichana alikuwa kila siku ya tatu anakwenda kununua nusu yadi, mpaka nyumbani pakajaa vitambaa visivyotosha hata kofia. Waridi anaandika, Scholastika anajibu, mimi nangoja jibu kama nangoja mwandamo wa Idi.

Nilikuwa nakuandika wewe, Mboni. Jina nilibadilisha, uso sikuweza.

Tukafika siku ya kijana kuondoka. Majumba yametaifishwa, baba yake kafunga duka, wamehama. Nikamwambia Waridi aandike kama unavyosimulia wewe miaka yote: kwamba aliondoka bila kuaga, na msichana akajifuta uso akasema mwanamume asiyeaga haliliwi.

Kesho yake Scholastika akajibu. Sheria hakuivunja, msichana wetu hakumgusa. Alimwandika kijana wake tu, yuko ugenini, kichwa cheupe, anajiuliza kama barua yake ilifika. Maana aliacha barua. Alimpa dada mkubwa wa msichana, pale mlangoni, akamwomba aifikishe.

Waridi akanigeukia akauliza, bibi, huyo dada alifanya nini? Nikasema nina kizunguzungu, nikaingia chumbani. Wiki mbili sasa. Zamu ni yetu na mtoto wa watu anangoja. Yeye hanijui wala hakujui. Aliona hadithi ina tundu, akatia kidole.

Mboni, Chandu aliaga.

Alikuja Alhamisi, wewe uko shule, mimi natwanga. Akanipa bahasha akasema nikupe, tafadhali dada. Aliniita dada. Nikaichomeka kiunoni. Wewe ulipelekwa shule, mimi nikaachiwa mchi. Aliyeamua ni baba, sikukulaumu, au nilidhani sikukulaumu. Lakini ile ndiyo barua ya kwanza kuingia nyumba yetu kwa mmoja wetu sisi wawili, na ilikuwa yako, na mimi siwezi hata kuisoma. Nikasema nitakupa kesho. Kesho nikasema atakuchukua aende nawe, na mimi nitabaki na nani.

Miaka yote nimejitetea kwamba sikujua imeandikwa nini ndani. Uongo. Kwenye kisomo mwalimu alituambia tutafute chochote cha kusomea nyumbani. Wenzangu walisoma mifuko ya unga. Mimi nilisoma barua yako, ikanichukua siku nne. Anasema atasimama Mnazi Mmoja Ijumaa, tangu adhuhuri mpaka adhana ya alasiri, na usipokuja atajua umechagua. Wakati naisoma wewe umeshaolewa na marehemu Abdulmalik, una mimba ya kwanza. Nikasema ya nini kukutikisa. Nikakuamulia tena, mara ya pili, na safari hii nilikuwa najua kusoma.

Sisemi ungemfuata. Huenda ungeikunja ukaendelea kupika. Abdulmalik alikuwa mtu mwema, na wanao nawapenda kama niliowazaa. Lakini kuchagua kulikuwa kwako. Miaka hamsini nakusikia ukimsema vibaya mtu aliyesimama juani akikungoja, nami nimekaa hapo hapo nakumiminia chai.

Barua imo humu. Kona moja imeliwa na mende, maneno yote yapo. Hadithi nimemwambia Waridi isimame. Ukitaka ifutwe, itafutwa, na Scholastika nitamwomba radhi mwenyewe. Alichofanya yule dada hakitaandikwa mpaka wewe useme. Ukitaka kuja kunitukana, chumba cha uani nimekifagia na kitanda nimekitandika. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Sitakupigia simu wala sitamtuma mtu. Nitakaa hapa ningoje.

Wasalimie wanao na wajukuu, mmoja mmoja kwa jina lake. Waridi anakuamkia, hajui kitu. Goti lifunge kitambaa cha moto hata kama umenikasirikia.

Na ile marahaba niliyojichukulia juu, nairudisha.

Shikamoo, mdogo wangu.

Dada yako,
Swaumu