Uliniambia Umefunga

Mama Zubeda,

Barua huanza kwa kumjulia hali anayeandikiwa. Wewe sikujulii. Nilikujulia ukiwa hai, karibu kila siku, na kila siku ukanijibu kwamba hujambo, ila tu umefunga.

Nina hasira nawe. Afadhali niseme mapema, nisije nikajificha nyuma ya "pumzika kwa amani" kama wengine. Zubeda wako anasema marehemu hakasirikiwi, huombewa. Mimi nakuombea na nimekukasirikia, yote mawili, na sijaona ni lipi linazuia lingine.

Siku uliyozikwa, watu wa koo, kikundi chetu, walifika kwako Majengo jioni. Walikuja wote, mama yangu, akina mama wa Tetu, na Baba Kariuki kutoka Giakanja, amevaa koti lake la kanisani. Unajua kwetu mtu akifa watu hukutana jioni baada ya jioni, kamati inaundwa, watu wanachanga, hata wiki nzima. Basi walikuja wakiwa tayari na mwenyekiti wa kamati. Wakaambiwa umeshazikwa tangu adhuhuri. Baba Kariuki alivua kofia akabaki ameishika mkononi. "Ati ameshazikwa? Na sisi sasa tutachanga ya nini?"

Nilicheka, Mama. Peke yangu, mbele ya wafiwa, mpaka mama yangu akanifinya. Wao hawakuwa wanajua nilichokijua mimi, kwamba hilo ndilo ulilolitaka tangu mwanzo. Hata kaburini uliwawahi kabla hawajatia mkono mfukoni.

Nakumbuka lilipoanzia. Wodini, vitanda viwili jirani, wewe ukimnywesha Baba Zubeda uji kwa kijiko, na mama yangu akimnywesha baba yangu. Wanaume wawili wasiojuana, Mwislamu wa mjini na mkulima wa Giakanja, saratani moja ya koo. Walipokwisha kuzikwa, ulipanda mpaka kwetu na kilo mbili za sukari ukamwambia mama yangu, "Sisi hatuna ukoo mmoja, lakini tuna koo moja." Ndivyo kikundi kilivyopata jina. Watu wa koo. Wajane, wagane na mayatima, wanaouza chai na mahamri siku za soko ili mgonjwa apate nauli ya hospitali.

Kisha ukasikia kwamba kuna mfuko mkubwa wa utafiti Nairobi unaotafuta vikundi vidogo vya kushirikiana navyo. Kikundi kitoe nusu, mfuko utoe nusu, pamoja wamsomeshe kijana awe mtafiti wa afya. Na kikundi ndicho kitakachochagua swali la kutafitiwa. Hapo ndipo uliponasa. Kila mtu alikuwa anaona ni pesa, wewe uliona ni swali. Ulikuwa nalo tangu wodini: ni hii chai yetu? Hii tunayoinywa ingali inachemka, ambayo ukimpa mgeni ikiwa imepoa umemtusi?

Mwuza chai ndiye aliyeuliza hilo. Sijui kama wale wa Nairobi waliwahi kuelewa uzito wake. Baba Kariuki alielewa. Alikuuliza, na kama ni chai kweli, wewe utauza nini? Ukamjibu, "Ikiwa ni chai, Nyaguthii aniambie mimi kwanza, niteremshe sufuria kwa mikono yangu mwenyewe."

Nikachaguliwa mimi, huyo Nyaguthii uliyekwisha kumtaja. Ukaanza kuniita Daktari hata kabla sijanunua kalamu.

Si wote waliofurahi. Kila mkutano Baba Kariuki alisimama. "Sisi tuko na wagonjwa hapa, na pesa yetu inaenda kwa vitabu. Huyu msichana akimaliza kusoma, si watu watakuwa wamekwisha?" Hakuwa na chuki, ilikuwa hesabu ya mtu aliyemzika mke. Nawe kila mkutano ulimjibu lile lile, kwamba tumewanunulia wagonjwa nauli miaka nenda miaka rudi na bado tunazika, sasa tununue sababu. Kura zilikuwa zikipigwa na mimi nimekaa pale pale, natazama viatu vyangu. Ulikuwa unashinda kwa shida.

Lakini kazi yenyewe tuliipenda, usikatae. Mimi na kipimajoto changu, nakichovya kwenye vikombe vya wateja wako kabla hawajanywa, wanapiga kelele, "Hata chai siku hizi inapimwa homa!" Mimi nawe tukipanda vilima vya Tetu nyumba kwa nyumba. Chuoni nilifunzwa kuuliza, je, una tatizo la kumeza? Kila mtu alijibu hapana. Tukakaa jikoni kwako tukalivunja lile swali na kuliunda upya, mpaka likawa hivi: siku hizi umeacha kula nini? Kwa maana mtu hasemi koo limeziba. Anaacha ugali, anasema ni uzee. Anaacha githeri, mahindi na maharagwe yake, anasema ni meno. Anabaki na uji na bado anasema hajambo. Nawe ulikuwa ukiwaonya kwa sauti yako ile kubwa, "Mficha maradhi kifo humuumbua!"

Wewe! Wewe uliyewaambia wenzako hivyo!

Ulianza na Jumatatu na Alhamisi. Funga ya sunna, ukasema. Halafu Jumanne, nalipa deni la Ramadhani. Halafu Jumatano. Sisi watu wa Giakanja tuliolelewa kanisani, tunajua nini kuhusu deni la Ramadhani? Dini ni dini. Tulikuheshimu. Tukipumzika njiani tulikupa mgongo tukila mahamri yako, ili tusikutamanishe. Kwa adabu, Mama. Tulikupa mgongo kwa adabu, nawe nyuma yetu ulikuwa unashindwa kumeza mate.

Niliona umekonda. Nikakwambia. Ukacheka ukasema mfungaji hanenepi. Zubeda alikuwa Murang'a kwenye cherehani yake, alikuja mara moja moja, na alipokuja ulimwambia umeshakula nasi. Sisi ulituambia umefunga. Zubeda na mimi tulipokutanisha hadithi zetu, tayari ulikuwa umelazwa. "Nani amekwambia watu hufunga kila siku?" aliniuliza.

Daktari wa hospitali alituambia kwamba ulishajulishwa ugonjwa wako miezi kadhaa nyuma. Ukamwambia utarudi ukimaliza kazi fulani. Hakusema kwamba ungepona. Hakusema kwamba usingepona. Alisema, "Angekuja wakati ule, tungejaribu." Nalala na hilo neno, naamka nalo. Tungejaribu.

Na uliponieleza, sauti imebaki pumzi tupu, hukuonyesha hata haya. "Ungejua wewe, kikundi kingejua. Kingejua, kingechanga. Na pesa ni ile ile moja." Kisha ukasema, "Maliza kusoma."

Nani alikutuma? Nani alikwambia kwamba mimi nataka kusoma kwa koo lako? Unajua kuishi hivi kulivyo? Nafungua kitabu na najua kililipwa na nini. Kufunga ulifunga kweli, ulitufunga sisi macho. Ungeniuliza, Mama. Ningeacha chuo siku hiyo hiyo na ningeuza chai nawe, nisimjue mtafiti wala utafiti. Ndiyo sababu hukuniuliza, najua. Usidhani kujua kunapunguza.

Mwezi uliofuata mazishi, ule mfuko ulituita Nanyuki, kwenye hoteli moja yenye baraza la kutazama mlima. Wanafunzi wote waliosomeshwa kwa ushirika na vikundi vidogo tulikuwepo. Wakaonyesha picha ukutani. Nikakuona, umeshika birika, mvuke umekufunika nusu ya uso, unamcheka aliyepiga picha. Chini yake wameandika: Marehemu Mama Zubeda, mmoja wa wanufaika wetu.

Mnufaika! Mtu aliyepata faida. Wewe uliyetoa nusu nzima kwa kikombe kimoja kimoja, ukaweka na shingo yako juu yake.

Kisha bwana mmoja mwenye sauti nzuri akaeleza kwamba kushirikiana na vikundi vidogo ni jambo zuri, lakini vingi vinasimama juu ya mtu mmoja, na mtu huyo akianguka, kikundi nacho kinaanguka. Kwa hiyo sisi tulioanza tutasomeshwa mpaka tumalize, ila baada yetu watashirikiana na mashirika makubwa tu. Alisema bila ubaya wowote, picha yako ingali ukutani nyuma yake.

Nikasimama. Hakuna aliyenipa nafasi. Nikasema, "Yule mama si mnufaika. Yule ndiye aliyekuwa akinisomesha. Mnufaika ni mimi."

Wakapiga makofi, Mama! Nilitaka wafute neno, wao wakapiga makofi. Baadaye dada mmoja akanishika bega, akasema nimewagusa sana, je, ninaweza kurudia mbele ya kamera? Nikamwambia nina baridi, nataka chai. Chai yao ilikuwa vuguvugu. Ungeirudisha jikoni na ungemfuata mpishi.

Basi mimi ndiye wa kwanza na wa mwisho. Yule binti wa Tetu uliyekuwa ukimpigia hesabu, kwamba atanifuata nikimaliza, hatafuata. Mama yake ameshaambiwa. Nilimwambia mimi mwenyewe, kwani hakuna mwingine aliyejitolea.

Baba Kariuki alipojua ulichotuficha, hakuja kwenye kikundi wiki nzima. Halafu siku moja akaingia kibandani kwako, unapouzia chai, akakaa kwenye benchi lako, akasema bila kumtazama mtu, "Huyu mama alitunyang'anya. Tungepiga kura. Tungechagua yeye." Kisha akaniona nimekaa pale. Akainamia kikombe chake, masikio yamemwiva. Alilia, mzee yule. Sikumlaumu hata kidogo. Mimi pia ningekuchagua wewe, na ulijua, ndiyo maana hukutuachia tupige kura.

Jibu la chai bado sina. Usifikiri naficha. Kazi haijakwisha, na sitasema kitu ambacho sijakiona, hata watu wanivute ulimi. Nilikuahidi kwamba utaambiwa wa kwanza. Sasa nitamwambia Zubeda, kwani sufuria imebaki mikononi mwake. Amerudi kutoka Murang'a, cherehani ameiweka pembeni ya kibanda. Chai yake si kama yako, ana mkono mzito wa tangawizi, lakini wateja wamerudi.

Alhamisi iliyopita nilipita pale baada ya kutoka Tetu. Nikakata hamri katikati kama nilivyozoea kufanya nawe, nikamnyoshea nusu. Hakuinua hata macho, alikuwa anachuja chai. "Asante, nimefunga."

Nikaweka begi chini, nikakaa. Akaniuliza kama siendi nyumbani, ukungu unashuka. Nikasema nangoja. Wateja wakaja, wakaondoka. Akaniuliza tena, nangoja nini? Nikasema, "Magharibi." Hapo akanielewa. Alikasirika, niliona, aligonga kifuniko cha sufuria kwa nguvu bila sababu. Halafu akatulia. Halafu akavuta benchi, akaliweka mbele yangu, karibu kabisa, goti kwa goti.

Adhana ikatoka msikitini. Akachukua tende. Nikamtazama shingo, Mama, bila adabu yoyote, kama mtu anayetazama jino la ng'ombe sokoni. Akatafuna polepole, kwa kusudi. Akameza. Maji yalikuwa pale, hakuyagusa. Tende ilishuka. Akafungua mdomo wazi anionyeshe, kama mtoto aliyelazimishwa dawa. Kisha akainyakua ile nusu ya hamri mkononi mwangu, akasema, "Na hii? Utaitazama pia?" Nikasema ndiyo. Ikashuka nayo. Tulicheka, na kabla hatujamaliza kucheka tulikuwa tunalia, wateja wakadhani tumeletewa habari mbaya.

Sasa nakuaga. Zubeda anasema nikutakie kheri, nami nakutakia kwa moyo wote, hasira na kila kitu. Nitamaliza kusoma. Si kwa sababu uliniambia, ni kwa sababu umeninyima njia nyingine. Na nitauliza lile swali letu kila nyumba, siku hizi umeacha kula nini, nitawauliza hata wenzangu, hata mama yangu, hata mtu aliyeshiba mbele yangu. Sitampa mtu mgongo tena kwa adabu. Nawe ukinijia ndotoni, nikakupa hamri ukasema umefunga, jua kwamba sitakubali. Nitaketi nawe mpaka magharibi.

Ni mimi,
Nyaguthii, uliyemwita Daktari kabla ya wakati.