Orofa ya Tano Haipo

Makongeni, Nairobi
Jumapili, 16 Novemba 1986

Kaka yangu mpendwa Walter,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Baba. Sisi huku tu wazima, isipokuwa Baba anasumbuliwa kidogo na goti lile la kushoto, na mimi nilikuwa na mafua ambayo sasa yamekwisha. Je, wewe na Mama hamjambo? Roseline ameacha kukohoa? Bibi yetu Kukhu anaonaje tangu apewe dawa ya matone? Na watoto wa darasa lako la tatu wamezoea kukuita mwalimu, au bado wanakuita Walter wa kwa Nandwa?

Kabla sijaendelea, nina ombi moja. Baba amekuandikia barua na kumpa gadi wa treni ya Kisumu, kwa hiyo huenda ikakufikia kabla ya hii. Ndani yake anakupongeza. Najua hutaelewa unapongezwa kwa nini. Tafadhali usimjibu mpaka umalize kusoma yangu, hata kama ni ndefu. Nitaeleza kila kitu kwa utaratibu.

Mambo yalianza mwezi wa Agosti shule zilipofungwa. Unamkumbuka Teresiah, yule tunayekaa naye dawati moja, wa Buruburu? Mjomba wake alirudi kutoka masomoni Uingereza akiwa na kompyuta inayoitwa Spectrum. Usifikiri ni kitu kikubwa. Ni kama kitabu cha nyimbo tu, na vitufe vyake ni vya mpira, ukivibonyeza unadhani unabonyeza ulimi wa ng'ombe. Haina kioo chake. Inafungwa kwenye televisheni, na mchezo unaingia kutoka kwenye kanda ya kawaida kwa tepurekoda. Unangoja kama dakika tano huku ikipiga kelele kama redio iliyopoteza stesheni, halafu picha inatokea.

Mchezo wenyewe ni wa tarishi. Ana mfuko wa barua na anapanda jengo la ofisi lenye orofa sita. Kila barua imeandikwa namba ya orofa yake. Kwenye ngazi kuna mbwa, na pia kuna lifti, lakini lifti haimngoji mtu. Mfuko ukiwa mtupu, tarishi anavua kofia na mchezo umekwisha. Katika ile ya Teresiah, tarishi akimpita mbwa anavaa rangi ya mbwa, yaani anageuka manjano mpaka waachane. Nilimwuliza mjomba wake sababu, akasema mashine hiyo inagawa kioo katika vyumba vidogo vidogo, na kila chumba kina ruhusa ya rangi mbili tu. Jibu hilo lilinifurahisha kuliko mchezo.

Wiki iliyofuata Baba alinituma soko la Burma kununua nyama. Nikapita kwa Abdiqadir, fundi aliyetutengenezea redio, kibanda chake kiko nyuma ya bucha. Kwenye televisheni moja aliyokuwa akiijaribu nikamwona tarishi yule yule! Ila huku alikuwa na mawingu nyuma yake, na muziki ulikuwa unalia bila kukoma, hata wachoma nyama walikuwa wanatikisa mabega wakigeuza mbavu. Mashine yake ni Commodore, ya rangi ya kahawia, mwenye mashine alihamia Eldoret akamwachia. Nikasimama pale mpaka nikasahau nyama.

Siku ya pili nilirudi na kanda ya Teresiah nikitaka tuisikilize kwenye Commodore, kwa sababu niliamini kanda ni kanda. Tuliingoja karibu robo saa. Abdiqadir alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Akaniambia kanda yangu inazungumza Kikamba na mashine yake inajua Kisomali peke yake. Ndipo nikaelewa kwamba kila mashine iliandikiwa mchezo wake upya, na mtu mwingine, kama vile wimbo mmoja wa kanisa unavyotiwa maneno ya Kiluhya huko nyumbani na ya Kikikuyu kwa akina Teresiah. Tuni inajulikana, lakini kila mmoja ameimba kwa pumzi aliyo nayo.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nilichukua daftari, nikapiga mistari, nikaanza kuandika tofauti. Nilikuwa namwomba Teresiah acheze huku mimi nikishika saa. Lifti kutoka chini mpaka juu kwa Teresiah ni sekunde sita, kwa Abdiqadir ni tisa. Mbwa wa Teresiah ni watano, wa Abdiqadir ni saba lakini wavivu. Teresiah alichoka nami. Alisema wenzangu wanacheza, mimi nafanya sensa, na nisipoangalia nitahesabu mpaka viroboto wa mbwa. Hata Abdiqadir akiniona mbali alipaza sauti, "Karani huyo amefika! Ficheni mbwa!"

Mashine ya tatu iko karibu na kwetu. Katika ukumbi wa kanisa kuna chama cha kompyuta kila Jumamosi, kinachoongozwa na Bwana Gichuru, anayefanya kazi ya kompyuta huko Eneo la Viwanda. Wana kompyuta za aina ya BBC, nzito na nzuri, na mchezo unaingia kwa diski kabla hujamaliza kukohoa. Wanachama ni vijana waliomaliza shule. Sisi wengine tunaruhusiwa kusimama nyuma na kutazama, bila kugusa. Nao walikuwa na tarishi. Picha yake ni safi na anakimbia sana, lakini jengo lina orofa nne tu! Nilimwuliza Bwana Gichuru, akaeleza kwamba katika mashine ile picha nzuri inakula sehemu kubwa ya kumbukumbu, na aliyeuandika mchezo alibakiwa na nafasi ndogo, ikambidi apunguze jengo.

Basi, Kaka, vijana wale walikuwa na taabu moja tangu Julai. Hawakuweza kuumaliza mchezo. Kila mara mfukoni ilibaki barua moja, na kwa haraka ya mchezo hakuna aliyesimama kusoma namba yake. Owino, ambaye ndiye bingwa wao, alishikilia kwamba kuna mlango wa siri. Alimgonganisha tarishi na kila ukuta. Alikuwa na ramani kubwa ya mlango huo ambao hakuna aliyeuona, na ukitaka kuiangalia anaikunja.

Mimi nilikuwa nimeandika namba za orofa kama zilivyochorwa kando ya ngazi. Kwa Teresiah na kwa Abdiqadir ni moja mpaka sita. Kwa BBC ni moja, mbili, tatu, sita. Sikulitilia maanani mpaka siku moja nilipoweka kurasa tatu pamoja juu ya meza yetu. Mwandishi wa BBC alikata orofa ya nne na ya tano lakini hakubadilisha namba. Barua za orofa ya nne aliziondoa. Moja ya orofa ya tano, ambayo namba yake nilikuwa nimeiandika nikitazama nyuma ya vijana, aliisahau mfukoni. Hakuna mlango wa siri, na mchezo huo hauwezi kumalizika hata ukicheza mpaka Krismasi. Nilikaa na jambo hilo peke yangu jioni nzima, ugali ukaungua, na Baba akaniuliza kama ninaumwa.

Wakati huo huo Bwana Gichuru alibandika tangazo. Chama kitachukua vijana kumi na wawili wa kufundishwa kuandika programu mwaka mzima kuanzia Januari. Anayetaka nafasi aandike kurasa nne kuhusu jambo aliloligundua mwenyewe. Chini yake iliandikwa kwamba ni kwa waliomaliza kidato cha nne tu.

Tarehe nane mwezi huu majina yakabandikwa, na Bwana Gichuru akasoma kwa sauti karatasi iliyokuwa ya kwanza. Ilikuwa ile ya tarishi wa mashine tatu. Vijana walikimbilia BBC kuhakikisha, wakasimamisha mchezo pale mwisho, wakaitazama barua iliyobaki. Ilikuwa ya orofa ya tano. Owino alijipiga kofi kwenye paji la uso, akaichana ramani yake, halafu akauliza mwandishi ni nani ili amnunulie soda au ampige, hajaamua. Bwana Gichuru akasoma jina: Walter Nandwa.

Ndiyo, Kaka. Ni mimi niliyeandika, na nikatia jina lako.

Nilijiambia kwamba ni kwa sababu ya kidato cha nne, kwamba wewe umemaliza na mimi niko cha pili. Lakini nataka kusema kweli yote. Nilifikiri pia kwamba wakiona jina la mwanamume wataisoma mpaka mwisho. Nilitaka sana isomwe mpaka mwisho. Bwana Gichuru alipouliza kama kuna anayemfahamu Walter, nilisema ni kaka yangu na yuko nyumbani Butere. Sikusema uongo, ila nilinyamaza mahali pa kusema.

Nilidhani nitapata siku mbili tatu za kufikiri. Kumbe kesho yake tulipotoka ibada Baba alipita kwenye ubao. Alivua kofia. Alisoma jina lako, akalifuata kwa kidole, akasoma tena. Walter, unajua jinsi Baba alivyokuwa tangu matokeo yako ya mtihani yalipokuja chini ya alivyotarajia. Jina lako alikuwa akilitaja katika maombi tu. Jumapili hiyo alimwambia Mama Jecinta wa mlango wa pili, akawaambia wazee wa kanisa, na Jumatatu akaiambia ofisi nzima ya vifurushi pale stesheni. Asubuhi alikuwa akiimba huku ananyoa ndevu. Mimi nilikuwa nakoroga uji, nikamimina wangu wote kwenye kikombe chake.

Hapo nikaona kwamba sikukuibia jina tu. Nimekupa pia furaha ya Baba kwa kazi isiyo yako, na sasa ni lazima nikunyang'anye. Kwa hilo naomba msamaha kuliko yote. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kwa barua ndefu, nitaisoma yote.

Jana nilimwendea Bwana Gichuru nikamwambia. Hakunikaripia. Aliniuliza lifti ya Commodore inachukua sekunde ngapi, na nilijuaje. Nikamwonyesha daftari. Akalifungua ukurasa baada ya ukurasa, halafu akasema kanuni ni kanuni, na kuandika jina lisilo langu ni kosa la pili juu ya lile la kidato. Kamati itakaa Alhamisi. Alisema nije na mzazi, nami nieleze mwenyewe. Kwa hiyo sina budi kumwambia Baba. Nitaacha kuandika hapa, maana nasikia anafungua lango.

Jumanne, 18 Novemba

Nimemwambia. Nilisimama nikiwa nimeshika daftari kama mtu anayesoma risala. Baba hakupiga kelele. Alikaa akisugua goti lake. Kisha akauliza ni watu wangapi aliowaambia kwamba ni Walter. Nikasema sijui. Akasema yeye anajua, ni wengi, na kwa kuwa neno lilitoka kinywani mwake bila kosa lake, mimi nitamsindikiza nikalirekebishe nyumba kwa nyumba.

Tulianza jana alipotoka kazini. Kwa Mama Jecinta nilisema maneno yangu nikitazama sakafu, kwamba aliyeandika si Walter, ni mimi, na nilidanganya. Mama Jecinta aliguna, akasema wasichana wa siku hizi wana vichwa vigumu, akatupa chai. Nyumba ya pili na ya tatu ilikuwa hivyo hivyo. Ya nne ilikuwa ya Mzee Owiti wa karakana ya mabehewa. Yeye hakujali uongo wangu, alitaka kujua orofa zilipunguzwa kwa nini. Nikaanza kueleza habari ya kumbukumbu, nikakwama, na Baba akadakia. Kaka, alieleza yeye! Alisema mashine ni kama behewa, ukipakia vioo huwezi tena kupakia saruji yote, lazima orofa nyingine zibaki stesheni. Sikujua kama alikuwa amenisikiliza kiasi hicho nilipokuwa namsomea daftari.

Leo tumemaliza nyumba zilizobaki. Katika ile ya mwisho hakungoja nianze. Aliniweka mbele yake, mkono begani, akasema amekuja kusahihisha jina. Sauti yake haikuwa ya mtu anayeomba radhi.

Alhamisi tutakwenda wote wawili mbele ya kamati. Huenda wakakataa, maana tangazo lao liko wazi na kosa langu pia liko wazi. Nimejitayarisha kwa hilo. Hata hivyo nimefua sare yangu, na nimenakili kurasa zile nne upya kwa jina langu.

Baba ameagiza niongeze neno moja. Wiki iliyopita aliomba pasi ya reli ili uje kuishika nafasi ile, na imekwisha toka. Nilimwuliza kama sasa atairudisha. Alishangaa. Anasema imeandikwa Walter Nandwa, Butere mpaka Nairobi, na kwamba hakuiombea karatasi ya mashindano, aliombea mtoto wake. Uje Desemba shule yako ikifungwa. Anasema amekaa miaka miwili bila kuzungumza nawe sawasawa, na kwamba kosa hilo halikuwa lako.

Msalimie Mama, Roseline na Kukhu. Waambie nawakumbuka, na ukipenda wasomee barua hii yote, hata pale nilipokosa. Mungu awalinde mpaka tutakapoonana.

Ni mimi mdogo wako,
Kezia Nandwa