Tarehe Kwenye Plasta

Nazaré, bado nanuka usaha. Nimenawa mara nne!

Nimetoka kwa Bibi Zuleide, yule mwenye kidonda cha mguu. Mkamwana wake, Jucilene, ananimiminia kahawa huku anacheka: "Dada nesi, sisi familia tunambadilishia bendeji kila siku."

Kila siku, shoga!

Nainama, naona plasta imeandikwa tarehe tatu Mei. Mwandiko WANGU! Leo ni ishirini na nne. Nafungua, funza hao wanatembea.

Jucilene hata haya hana. Bibi ndiye kasema, taratibu: "Hiyo tarehe naisoma kila asubuhi, mwanangu. Nilijua utarudi."

Lakini anayenichefua zaidi ni mimi. Wiki iliyopita niliwauliza kwa simu tu, nikajaza fomu ya kituo cha afya: "Familia inamhudumia vizuri."

Mwandiko wangu huohuo.